Sauti Iliyovaa Uso wa Khamphan

Zamani, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni, filamu zilifika vijiji vya Isan zikiwa bubu. Sauti ilikuwa Thawin. Aliketi kando ya projekta na kipaza sauti, akawa bwana harusi, akawa jambazi, akawa mama mkwe, peke yake. Watu waliotandika mikeka uwanjani mwa hekalu hawakuuliza ni filamu gani. Waliuliza, "Anayesema leo nani?" Wakiambiwa Thawin, walikwenda kuita jamaa zao.

Khamphan alikuwa mtu wa jenereta. Alikaa kule migombani na dumu lake la mafuta, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Yote hayo yalikufa, na hakuna aliyeyazika. Thawin akabaki kutangaza asubuhi katika spika za kijiji, kwenye baraza ya mkuu wa kijiji: posho ya wazee, msiba, chanjo ya mbwa. Alitangaza kwa sauti kavu ya puani. Sauti yake ya shujaa aliiweka akiba. Haikuwa ya kutangazia mbwa.

Siku moja akaja Rattikan, mchoma soseji sokoni, binti wa dada yake. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza video kwa simu mbili: moja ya picha, moja ya sauti.

"Mjomba, tunatengeneza kisa cha mzee anayemuaga nyati wake. Mzee nimeshampata."

Thawin akanyoosha ukosi wa shati. "Nani?"

"Mjomba Khamphan."

"Khamphan? Yule wa kumwaga petroli?"

"Ana uso, mjomba. Ukimtazama tu, machozi yanakuja."

"Na sauti je? Anaongea kama chura aliyemeza mchanga!"

"Simu itakuwa kifuani kwake, hakuna haja apaze. Wewe mjomba ukisema 'karibu' tu, kuku wanatawanyika." Akacheka, kisha akakutanisha viganja vyake kwa adabu. "Ila nina ombi. Kesho tutarekodi pale bwawani. Usitangaze mpaka tumalize. Unyamaze kidogo tu."

Thawin aliitikia. Maneno yale, *unyamaze kidogo tu*, yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake, akiwa barazani, Thawin aliwaona vizuri kule bwawani. Rattikan alichomoa sufi kwenye mto, akafunika nayo tundu la sauti la simu ili upepo usivume ndani, kisha akaibana simu ndani ya shati la Khamphan kwa kibanio cha nywele. Akamtengeneza ukosi polepole, kama anayemvisha bwana harusi. Thawin hakuwahi kutengenezwa ukosi na mtu. Rattikan akapiga kofi moja, ili baadaye picha na sauti zipatane, na kijiji kizima kikanyamaza. Mpiga nyundo akaacha nyundo. Wanawake wakashika midomo ya watoto. Kwa ajili ya Khamphan!

Mkono wa Thawin ukafungua spika.

"Tangazo! Tangazo! Amepotea bata!"

Hakukuwa na bata. Lakini Thawin alimweleza bata yule mpaka rangi ya miguu, tabia zake, na ukoo wa mama yake.

Jioni Rattikan alikuja macho mekundu. Nyati alikuwa wa kuazima, na mwenyewe alikuwa amekwisha kumpakia kwenye lori la mnadani.

"Picha ni nzuri, mjomba, lakini sauti yote ni bata. Bata wa nani huyo?"

Thawin akatazama dari. "Amepatikana."

Wakajaribu kutia sauti upya ghalani, katikati ya magunia ya mpunga yanayomeza mwangwi, blanketi limetundikwa juu. Khamphan akashindwa. Kila alipotamka, mdomo wake kwenye picha ulikuwa umeshafungwa. "Mdomo wangu unanikimbia," alisema, akajifuta jasho. "Hapa kuna mtu mmoja tu wa kuukamata. Mwiteni kaka Thawin."

Thawin alikubali, kwa sharti moja: asitajwe. "Sitaki watu waseme nimekuwa punda wa Khamphan." Wote wawili wakamwapia.

"Chini, mjomba," Rattikan alimwambia ghalani. "Simu iko hapa, haiko ng'ambo ya mto. Na kaa upande, usiipulizie."

Basi akashusha. Akautazama mdomo wa Khamphan, akavuta pumzi pale Khamphan alipovuta. Sauti ya shujaa ikatoka. Zamani ililazimika kushindana na jenereta. Hakuna aliyewahi kuisikia ikinong'ona.

"Nenda, ndugu yangu. Pembe zako zisigonge mlango wa mtu."

Khamphan, aliyeketi juu ya gunia, aliinamisha kichwa.

Video ilionyeshwa hekaluni, juu ya shuka jeupe. Watu walilia. Bibi Samlan, muuza saladi ya papai bichi, ndiye aliyekuwa akitundika shada la yasmini kwenye kipaza sauti cha Thawin enzi za usichana wake. Akainuka na shada, akapita mbele ya Thawin kama anayepita nguzo, akamvisha Khamphan.

"We Khamphan! Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi? Ningeijua, ungenioa!"

"Si mi—" Khamphan alianza kwa mkwaruzo wake. Rattikan akamfinya.

"Mwoneni," watu wakacheka, "amelia mpaka sauti imemkauka!"

Asubuhi Thawin alifungua spika. Akakisogelea kipaza sauti, akashusha pumzi, akaitoa sauti ya shujaa, ile ya ghalani, akasoma chanjo ya mbwa. Hajafika nusu, kicheko kikazuka njiani.

"Msikieni mzee Thawin!" Ni Bibi Samlan, mchi mkononi. "Wivu mbaya, jamani! Anamwiga Khamphan!"

"Na wala hajapatia," akadakia jirani. "Ya Khamphan ina utamu."

Chini ya nguzo ya spika Khamphan alisimamisha baiskeli. Akavua kofia, akafumba macho, akasikiliza, kama bila shaka alivyosikiliza miaka ile migombani, jenereta ikimngurumia sikioni. Kati ya wote waliokuwa njiani ni yeye tu aliyejua sauti ile ni ya nani, na asubuhi ile hakuna mtu ambaye Thawin alimchukia zaidi yake.

Thawin akarudi kwenye sauti yake ya puani.

"Mbwa wote wafungwe kamba," akamalizia, akazima.