Mbegu Saba za Sylvi

Mwezi wa Oktoba, watu wenye akili zao mjini Kuhmo, Finland, walikuwa wakiingiza vyungu vya maua ndani. Aune Kettunen alikuwa akitoa chake nje.

Chungu chenyewe kilikuwa kopo la siagi lililotobolewa kitako. Ndani mlilala mbegu saba nyeusi, kubwa kama mbaazi. Ndizo zilizobaki za ua la peoni la dada yake Sylvi, jeupe, pana kama sahani. Sylvi alizikwa Agosti, na mnunuzi wa nyumba yake aling'oa shina lote, akamwaga zege apate pa kuegesha gari. Aune hakuwa na kumbukumbu nyingine ya dada yake inayoweza kukua.

"Sasa unalima udongo?" aliuliza Taisto, jirani yake, fundi bomba mstaafu asiyestaafu mdomo.

"Mbegu hii haiamki bila kupigwa na baridi. Ukiidekeza kwa joto, inaoza kama mtoto wa tajiri."

"Basi mimi ningekuwa nimeshaota matawi. Mke wangu analala dirisha wazi."

Theluji ilipoanguka, majirani waliisukuma mbali na milango yao. Aune aliichota kwa koleo akalifunika kopo lake, akaishindilia vizuri kama anayemfunika mgonjwa blanketi.

Mei theluji ikayeyuka. Kila asubuhi Aune alitoka na kikombe cha kahawa, akainama, akatazama. Udongo. Juni, udongo. Julai jua halikuzama sawasawa, hata magugu ya njiani yakatoa maua, na kopo likabaki kumtazama tu. Alikuwa amepeleka barua za watu miaka thelathini na minne, kwa hiyo alikijua vizuri kitu kisichojibiwa.

Septemba ikafika siku ya msaragambo, wakazi wote wakatoka na reki kusafisha ua wao wa pamoja. Taisto alipita na toroli.

"Na hili kopo?"

Aune alilitazama kopo mara ya mwisho. "Mwaga," alisema, akageuka asione.

Kazi ilipokwisha walikaa kuzunguka moto, wakachoma soseji kama kawaida. Taisto alipaka haradali yake, akasema, "Lakini Aune, unafuga funza wa ajabu! Weupe, wanono, vichwa vyeusi. Nimewaona nilipokuwa namwaga."

Soseji ya Aune ilianguka majivuni.

"Taisto! Funza gani ana kichwa kikubwa kama mbaazi?"

"Mimi ni fundi bomba, si daktari wa wadudu!"

Lakini Aune alishafika kwenye lundo la mboji, amepiga magoti, anachambua majani kwa vidole. Taisto akamfuata, akapiga magoti naye, goti moja baada ya jingine, kila moja na laana yake. Walipata tano. Kila mbegu ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mnene, ulioshuka chini kimyakimya kiangazi kizima wakati yeye akitazama juu.

Aune alikaa palepale kwenye majani mabichi. Sylvi naye ndivyo alivyokuwa. Ukigombana naye, mwaka wa kwanza hakusemeshi. Mwaka wa pili anakugongea mlango na mkate mtamu, wala hataji kilichopita. Na yeye, dada mtu, alikuwa ametaka jibu ndani ya mwaka mmoja.

Alizirudisha katika kopo lilelile, akaliweka palepale.

Majira ya baridi yaliyofuata Aune aliugua mgongo, hakuweza kushika koleo. Kila theluji ilipoanguka, alimwona dirishani Taisto akiisukuma mbali na mlango wake mwenyewe, kisha akichota kidogo na kuvuka nayo ua mzima hadi kwenye kopo.

Mwishoni mwa Mei aligongewa mlango. Alikuwa Taisto, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha tayari.

"Njoo utazame," alisema. "Wale funza wako, wanne wametoa vichwa juu ya udongo. Vyekundu."