Ekseli Kutoka Timboroa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Odhiambo, msimamizi wa gereji yetu hapa Eldoret, alinipa sumaku iliyofungwa kwa kamba. "Digrii yako iko sawa, injinia," akasema. "Lakini hii ndiyo inajua kusoma mafuta."

Ndivyo tulivyoanza kupima ekseli ya nyuma iliyotumika. Unamwaga mafuta ya difu, lile tumbo la gia katikati, kisha unapitisha sumaku. Ikitoka na unga mwembamba, gia zimezeeka tu. Ikitoka na vipande, achana nayo. Halafu unachomoa hafshafti, zile fito mbili zinazozungusha magurudumu, uone kama meno yamejipinda.

Kipimo cha mwisho nilikibishia miaka mitatu. Muuzaji lazima aweke kiganja juu ya ekseli na aseme gari liliishia wapi.

"Mzee, chuma kinajuaje?"

"Chuma hakijui. Anayejua ni mtu. Muulize akiwa ameshika."

Mama Akoth, mwalimu mstaafu wa mtaa wa West Indies hapa mjini, alitaka steshenwageni ya marehemu mumewe impeleke yeye na wajukuu Kisumu, kwenye harusi ya bintiye. Difu yake ilikuwa imekufa. Nikatumwa Timboroa kwa Abdi, muuza vyuma chakavu, nikatafute ekseli nyingine. Ilikuwa saa sita mchana na ukungu haujainuka. Sumaku ilitoka safi, meno yamenyooka. Abdi alisimama karibu, ametoa mkono mfukoni, akingoja swali. Sikuuliza.

"Umemaliza?" alishangaa.

"Nimemaliza."

Gerejini Mzee aliniuliza, "Aliweka mkono?"

"Aliweka," nikasema.

Tuliipandisha ekseli juu ya stendi. Nikazungusha drami ya kushoto, lile bakuli la breki, ya kulia ikaenda kinyume, kama inavyotakiwa. Zikasimama. Kisha zikaanza tena zenyewe, polepole, mpaka bonde dogo lililobonyea kwenye drami ya kushoto likawa chini. Nikarudia. Bonde chini. Uzito umeelemea upande mmoja, nikajiambia. Nikatoa drami zote mbili, nikachora chaki kwenye kitovu cha gurudumu, pale bonde lilipokuwa. Chaki nayo ikashuka chini, taratibu, kama mtu anayerudi kulala. Fundi wa pembeni alizima redio.

Nikampigia Abdi. "Hii ekseli ilitoka gari gani?"

"Ndugu yangu, mimi niko Timboroa na ekseli iko kwako. Sasa mkono nitauweka wapi?" Akakata.

Nilimwambia Mzee kwamba nilidanganya. Mama Akoth alipokuja kuchukua gari, nikamwambia pia.

"Iliua mtu?"

"Sijui, Mama."

"Wewe! Chai ukipewa unauliza maji yametoka wapi. Hili ndilo ulinyamazia?" Akachukua mkoba wake. "Sibebi wajukuu juu ya sijui."

Walienda harusini kwa basi. Mzee hakunigombeza, ila tangu siku hiyo kila nilichopima alikipima tena.

Nimestaafu kazi ya gereji nikiwa na miaka ishirini na minane; chekeni. Bado siamini kwamba chuma hukumbuka. Ekseli ile niliifungua mara nne bila kupata sababu, na niliowaachia kazi niliwaomba wanipigie wakiipata.

Juzi mmoja alipiga. Hawajapata kitu, alisema, ila ekseli wameifunga kwa mnyororo.

Sikumuuliza kwa nini.