Sikio la Andati

Katika uwanja wa mafundi wa masanduku ya bati kule Huruma, mgeni aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa mpaka aitoe. Andati alipoanza kazi, miaka thelathini iliyopita, Okinyi wa meza ya pili alimpigia kelele, "Wewe bibi harusi, nyundo inakutisha?" Andati akaitupa pamba. Mwaka mzima mlio wa bati ulimchoma kichwani, kisha ukaacha kumchoma. Wenzake wakashangilia kwamba sikio limeiva, wakamnunulia chai na mandazi.

Nami nilikuwa mmoja wa wenzake hao, na naandika haya kwa hasira. Tulishangilia sikio lililokuwa linakufa, na hakuna tajiri hata mmoja wa masanduku yale aliyewahi kuleta viziba masikio.

Mwezi uliopita binti ya Andati, Mourine, alijifungua msichana, akampa jina la marehemu mama yake, Asenath. Andati alikiinamia kitoto kikiwa kimeachama, ngumi zimekazwa, akatega sikio. Hakusikia kitu. Lori likipita barabarani alilisikia vizuri sana.

Basi akaenda kwa Wanza, mpimaji wa masikio katika kliniki moja ya Kayole. Wanza alimwonyesha sanamu ya plastiki ya kijumba cha ndani ya sikio, kilichojikunja kama kombe la konokono. Akaishusha sauti ikawa nzito, akasema polepole:

"Humu mna majimaji, mzee, na vinywele maelfu. Vya mlangoni hupokea sauti nyembamba, vya ndani kabisa hupokea nzito. Nyundo zimeua vya mlangoni."

"Vitaota lini?"

"Havioti tena. Kifaa kitakusaidia kiasi, ila mengine yamekwenda."

"Sauti ya mtoto mchanga?"

Wanza aliigeuza ile sanamu mkononi. "Hiyo ni nyembamba sana, mzee."

Alipofika nyumbani, Andati alimchukua mjukuu, akamweka kifuani na kumwekea kiganja mgongoni. Mgongo ule mdogo ulikuwa ukitetemeka.

"Analia?"

Mourine akaitikia kwa kichwa.

"Analia vipi? Niambie."

Mourine alifikiri kidogo. Kisha akasogea karibu kabisa na sikio la babake, akaikaza sauti yake ikawa nzito. "Kama Mama akikugombeza, siku zile ulipochelewa chakula kikapoa."

Andati akacheka, macho yamemjaa machozi. "Basi mwache alie," akasema. "Usimnyamazishe bado."