Kiingereza cha Sebuleni

Nyumbani kwangu, Kamembe, kuna sheria moja, na aliyeitunga ni mimi: sebuleni ni Kiingereza tu. Jikoni kila mtu aseme atakavyo. Chuoni niliandika kurasa nyingi nikitetea lugha ya nyumbani, kwamba ndiyo udongo ambamo lugha nyingine zote huota, na walimu wangu wakanisifu. Kisha nikapata binti, nikaingiwa na hofu ya wazazi wote, na ule udongo nikaumwagia saruji.

Mwaka jana mama yangu alivuka mpaka kutoka Bukavu kuja kuishi nasi. Mjukuu wake alikuwa na Kiingereza changu na Kinyarwanda cha mke wangu. Mama ana Kiswahili na Kimashi. Mtoto alijua kumwita koko, yaani bibi, basi. Siku za mwanzo Mama aliketi sebuleni akitabasamu kama mtu aliyekosea harusi. Baadaye alihamishia kiti chake jikoni. Nilijiambia kwamba anapenda joto la mkaa.

Jumamosi huwa nafundisha Kiingereza wafanyabiashara wa mpakani. Jumamosi moja nilimkuta Mama benchi la mbele, amevaa kitenge cha kanisani.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Miye niko mwanafunzi kama hawa. Usiniite Mama mbele ya bantu."

Maman mmoja anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, akacheka. "Mualimu, huyu umupitishe tu. Alikunyonyesha."

"Asinipitishe," Mama akasema. "Nataka tu kusemesha mutoto. Baba yake ni mualimu wa maluga, na koko yake iko bubu."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikageukia ubao na kuufuta, ingawa ulikuwa safi. Ningeweza kumwambia arudi nyumbani, kwamba sheria nimeifuta. Badala yake nilimfundisha salamu, kwa sababu ndivyo kitabu kinavyoanza.

Jioni ile Mama alirudi sebuleni. Akaketi mezani karibu na binti yangu, akasafisha koo, na kwa Kiingereza cha polepole akamuuliza hali. Mtoto akaacha kijiko kwenye wali. Akajibu kwamba hajambo, asante, na koko je? Koko naye hajambo, asante.

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Somo la kwanza linaishia hapo.

Mama akanigeukia. "Mualimu," akanong'ona, "na kisha?"

"Umuulize tu kwa Kiswahili, Mama. Nitamweleza."

Binti yangu akaniangalia kwa mshangao. Kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, akanikumbusha kwamba hapa ni sebuleni.

"Amesema nini?" Mama akauliza, uso umemng'aa, akidhani mazungumzo yanaendelea.

Nilichukua sahani yake, kisha ya mtoto, zikiwa bado na wali, nikazipeleka jikoni.