Kitochi Changu Angani

Nimechoka, ndugu zangu, hata nguvu ya kuificha aibu hii sina. Wiki nzima nilisahihisha mitihani chuoni Butimba, kando ya ziwa, kisha nikapanda ndege ya Dar macho mekundu.

Kiti cha pembeni alikaa bibi wa Nansio, kupanda ndege ndiyo mara yake ya kwanza. Mhudumu alitangaza tuzime simu, yeye akaendelea kuongea na mwanawe. Nikashindwa kunyamaza.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Hiyo simu ikimchanganya rubani, wote tunaishia ziwani."

"Marahaba," akajibu. Akazima, akatoa rozari.

Najua nilitia chumvi. Simu moja haiangushi ndege. Pengine itamkwaruzia rubani masikioni tu. Lakini wiki nzima hakuna aliyenisikiliza, nikaona raha kusikilizwa.

Tukapaa, ziwa likatanda chini yetu. Ghafla sauti ya binti yangu ikapiga kelele kutoka kwenye begi, juu ya vichwa vyetu: "Baba, pokea simu! Baba, pokea!"

Ni mlio wa kitochi changu, kisimu kidogo cha laini ya pili, nilikisahau kabisa. Bila shaka mke wangu ameiona ndege ikipita, anapiga kuniaga. Mimi nimefungwa mkanda, naye hakati.

Abiria wakageuka. Nikajifanya nimelala.

Bibi akanigusa bega taratibu.

"Mwalimu, begi lako linaita. Mimi nimekulia kisiwani, kuogelea najua. Wewe je?"