Baiskeli Iliyoporwa kwa Utani

Majina siyataji. Watoto wao wapo, wajukuu wapo, na wengine tunapeana mikono kanisani. Lakini vyeo nitavitaja. Aliyenidhulumu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Aliyemsaidia ni mjomba wangu, kaka yake mama, naye alimsaidia kwa kucheka tu. Nawaweka hapa mwanzoni ili msomaji asihangaike kuwatafuta.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya barabara ya Matombo, ukishapita Mkuyuni. Miguu yangu ilipooza kwa homa kabla sijajua kuitumia vizuri, nikawa mtu wa kutambaa. Wageni wakija, bibi alinisukumia chumbani akavuta pazia. Alisema macho ya watu humaliza mtoto. Labda. Mimi niliona anawaonea haya wageni, ila sikumwambia.

Basi siku mwenyekiti alipopanda kwetu mwenyewe, jasho linamtoka, akauliza yule mtoto wenu wa kutambaa yuko wapi, mama aliacha kupepeta. Mwenyekiti wa miaka ile hakupanda mlima bure. Huyo ndiye aliyegawa zamu za shamba la kijiji, na ndiye aliyejua sukari ya duka la ushirika imeingia lini na imeishia kwa nani.

"Masista wa kule Bigwa wanakusanya watoto walemavu," akasema. "Wanawafundisha michezo."

"Michezo gani, na miguu hana?"

"Mpira. Mbio."

"Mbio!" Mama akacheka bila furaha. "Mtani wangu, leo umeanza kunywa asubuhi?"

Alimwita mtani kwa sababu ukoo wake na ukoo wetu ni watani, tangu mababu. Kwetu Uluguru mtani ni mtu mkubwa. Ndiye anayekuzika. Anakutukana msibani kwako na watu wanacheka. Akimwona jogoo wako anamkamata, anasema nimempora, nawe huruhusiwi kununa. Unamkomboa kwa kitu kingine kidogo, mnataniana, yamekwisha. Anayenuna ndiye mwenye makosa. Hii ndiyo sheria yetu, na ni nzuri ikikaa mikononi mwa watu wazuri.

Mama akasema mtoto si wake peke yake, akaulizwe mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba hakuchukua hata muda wa kukaa chini. "Aende. Watamlisha," akasema. Mama akaninong'oneza: "Wakikuchoma sindano, lia kwa sauti. Wakikupiga picha, waulize ya nini."

Bigwa, pembeni ya mji wa Morogoro, nilikwenda na masikio yamesimama. Jumapili ya kwanza tulipewa nyama, nikaitazama kwanza. Mtu hakunenepeshi bure, hata mbuzi anajua hilo. Sista mmoja mzungu, mrefu, Kiswahili chake cha kurukaruka, ndiye aliyesimamia michezo. Alifunga kamba chini chini kati ya miti miwili, tukakaa chini pande zote mbili na kuupiga mpira juu ya kamba kwa mikono. Wasioona walikuwa na mpira wao wa matambara, ndani umejaa vizibo vya soda ili usikike unapobiringika. Nilimwona mvulana asiyeona akiudaka kwa mkono mmoja kama anayechuma embe. Siku hiyo nilianza kulegea kidogo. Kidogo tu.

Halafu zikaja baiskeli. Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli mjini alitoa magurudumu makuukuu, fundi akayaunga matatu matatu, pedeli akazipandisha juu kifuani uzungushe kwa mikono. Jamani, sitaweza kueleza. Mtu aliyezoea kuona magoti ya watu, ghafla anaona nyuso zao.

Mikono ya mtu anayetambaa mlimani si mchezo. Kila siku niliwaacha wenzangu nyuma, isipokuwa msichana mmoja wa Kisaki, mkubwa wangu kidogo, mabega kama ya mbeba magunia na mdomo kuliko mabega.

"We wa mlimani," alinichokoza, "hapa hatuchimbi magimbi. Unajua breki ni nini?"

"Breki ni za waoga."

"Na meno ya kwenye lami ni ya nani?"

Tukashindana mjini, uwanjani, siku ya sherehe, mbele ya mgeni rasmi. Watu walinyamaza tulipoingia. Nilijua kimya kile: wanatuhurumia. Wengine wakacheka. Kisha tulipoanza kuzungusha, vumbi likapanda, mtu mmoja akapiga kelele, "Mpite huyo, mpite!" na hapo uwanja mzima ukawa unapiga kelele kama kwenye mpira wa kawaida. Nilimshinda wa Kisaki kwa gurudumu moja la mbele. Alinitukana mpaka nikacheka.

Zawadi ilikuwa baiskeli yenyewe. Sista akaniambia, "Hii ya kwako. Nyumbani fanya mazoezi. Mwakani sisi kuja kukuchukua, twende Dar es Salaam, watoto wa mikoa mingine watakuja."

Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Si kuiona Dar. Nilitaka kushindana na watu wasionijua, wasioijua ile nyumba yenye pazia.

Mwenyekiti akaja kunichukua na lori la kijiji. Baiskeli ikapakiwa juu ya magunia. Tulipofika, watu wamejaa barabarani, mama analia kwa furaha, mwenyekiti akaikamata ile baiskeli kwa usukani, akapaaza sauti: "Nimeipora! Hawa watani zangu walizoea kupanda punda, leo wanataka kupanda magurudumu!"

Watu wakafa kwa kicheko. Mjomba akacheka kuliko wote. Kesho yake akapeleka jogoo kuikomboa. Mwenyekiti akampokea jogoo, akasema, "Huyu ni wa gurudumu moja." Kicheko tena. Mjomba akapeleka mkungu wa ndizi. "Huu wa gurudumu la pili." Akapeleka kibuyu cha pombe, wakakinywa pamoja hadi chini, na mjomba akarudi anaimba, mikono mitupu.

Huku nyuma, baiskeli yangu ilikuwa inabeba mafuta ya taa na unga kutoka duka la ushirika kwenda kwenye mgahawa wa shemeji yake mwenyekiti, kule barabarani. Niliiona. Mama aliiona. Nikamwambia mjomba, "Mjomba, yule hatanii. Yule ameiba."

"Nyamaza. Unataka ukoo uonekane umenuna?"

Hapo ndipo penye kosa letu. Mtu wa mahali pengine angemshitaki mwizi. Sisi tulimpelekea jogoo.

Siku ya mkutano wa kijiji nikatambaa mwenyewe hadi mbele ya ghala, watu wakanipisha.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mtani wangu."

"Wewe ni mwizi."

Watu wakacheka, wakageuka kumtazama yeye, wanangoja. Maana kumwita mtani mwizi si tusi, ni salamu. Mtani wa kweli angenijibu hapo hapo: na wewe nyoka, unayekwenda kwa tumbo, nani alikutoa shimoni? Tungecheka. Lakini mwenyekiti shingo ilimvimba. "Nani amemfundisha huyu mtoto? Nani hapa anapinga serikali ya kijiji?"

Bibi mmoja wa ukoo wake yeye mwenyewe, mwanamke wa kuuza togwa, akasema taratibu, "Ee! Mtani kanuna."

Mkutano ukaishia hapo. Asubuhi baiskeli ilikutwa njiani chini ya nyumba yetu, imelazwa ubavu, cheni haina. Mama akabeba debe la maharage hadi Morogoro, akarudi na cheni.

Mwaka ule nilifanya mazoezi kama mtu anayedaiwa roho. Barabarani, kwenda upande wa Mkuyuni na kurudi, viganja vikachubuka vikakomaa. Mvua za masika zikapita, kiangazi kikaingia. Siku moja nikaiona Landrova ya masista inakuja. Nikajiweka sawa kando ya barabara, nguo safi. Ikakata kona kuingia ofisi ya kijiji, kama magari yote ya wageni yalivyotakiwa kufanya. Ikatoka. Haikupanda kwetu. Ikapita upande wa pili wa lori lililokuwa linashusha mbolea, nami nikabaki nimeinua mkono ndani ya vumbi.

Nikamshuku Sista. Nilisema ndivyo walivyo, wameshapata picha yao na mgeni rasmi, sasa wanatafuta mtoto mwingine. Mama akasema usihukumu. Nikahukumu. Nilikuwa nimebakiwa na kazi gani nyingine?

Baadaye, siku ya soko, nilikuwa Mkuyuni na mama, nimekaa juu ya baiskeli yangu nyuma ya mafungu ya kabeji. Sista akaja anachagua ndizi. Akainua macho, akaniona, ndizi zikamdondoka. Akafanya ishara ya msalaba.

"Wewe," akasema. "Wewe umekufa."

"Nani, mimi?"

"Mwenyekiti kusema, umekufa kwa homa, wamekuzika. Sisi kulia. Sisi kukuombea misa."

Mama alikaa chini juu ya kabeji zake.

Sista hakukubali yaishe hivyo. Akatupakia kwenye gari na baiskeli, tukapanda hadi kijijini, wazee wakaitwa, mwenyekiti akaitwa. Akaja. Nilimtazama usoni, nikaona safari hii amejifunza: hakununa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Lo, Sista! Mimi na ukoo huu ni watani. Sisi huzikana tukiwa hai! Nilikuwa natania, mama, wewe ukaamini?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna, mmoja akatabasamu, na kabla hata ya kusikia hukumu, mjomba wangu akajipiga paja. "Huyu mtani wetu ana mambo! Mpaka wazungu amewaliza!" Basi kicheko kikawashika wote. Hata yule bibi wa togwa alinyamaza safari hii. Ungesema nini? Sheria ni sheria. Mtani amesema umekufa, nawe unacheka.

Sista alinigeukia mimi. "Kwa nini wao kucheka?"

Ningemwelezaje? Nikamwuliza swali langu badala yake.

"Sista, safari ya Dar ni lini?"

Akanishika kiganja, akakigeuza, akatazama zile sugu. Na mimi nikawa nimeshajua.

"Tumerudi wiki iliyopita," akasema. "Tulichukua yule wa Kisaki."

Mwaka uliofuata nilikuwa nimepita umri wa watoto. Sikumwuliza Sista yule wa Kisaki alishika nafasi ya ngapi. Mpaka leo sijui, na atakayejua asije akaniambia.