Migomba Langoni Siku ya Krismasi

Nilisoma katika gazeti kuukuu kwamba nyumba moja yaweza kuwa na miti mingi ya Krismasi, kila mmoja na mapambo ya namna yake. Vita vilikuwa vimetuchosha sote hapa Kibimba, nikaona nipambe. Sebuleni nikaweka mti wa pamba, chumbani mti wa manyoya ya kuku, jikoni mti wa kahawa mbivu. Wa mavuno nikauweka langoni: migomba miwili yenye mikungu, mmoja kila upande.

Asubuhi wanawake walipita wakipiga vigelegele. Nikadhani wanasifu kazi yangu, nikawapungia mkono. Kisha akaja baba wa mchumba wa binti yangu.

“Shikamoo, mkwe.”

Akanyoosha kidole langoni. “Mwanangu yuko vitani, nawe unamwoza mchumba wake?”

“Huo ni mti wa Krismasi, mzee.”

“Mgomba?”

“Baba,” binti yangu akasema mlangoni, “hata mbuzi wanajua migomba langoni ni ya harusi!”

Nikamwingiza mzee ndani, nikamwonyesha mti mmoja mmoja. Mbele ya ule wa manyoya akaketi, akajifuta uso.

“Ng’oa ile ya langoni,” akasema taratibu. “Akirudi mwanangu, tutaisimika pamoja.”